Jiwe moja tu, jamani!

Wana Nzega wenzangu, hii kero ni yangu peke yangu? Nataka jiwe. Jiwe moja la kwazi, lile gumu jeupe, ukubwa wa ngumi, nikaliweke dirishani. Sitafuti dhahabu. Sina karasha la kusaga mawe, sina zebaki ya kunasia dhahabu, nina nyundo na kiroba!

Nikaenda kiungwana kuomba ruhusa ya kupita kwenye magwangala (marundo ya mawe yaliyotupwa) ya machimbo ya zamani. Ofisi ya kwanza: nenda kwa mwenye leseni. Mwenye leseni yuko safari (tangu masika!). Ofisi ya pili: andika barua. Ya tatu: barua haina muhuri wa kijiji. Kijijini: mwenyekiti yuko msibani, njoo kesho. Kesho ya lini? Nauli ya bodaboda imeshafika bei ya mbuzi!

Sheria ya Madini ya 2010 naijua, na kuchimba bila leseni ni kosa. Sawa kabisa. Lakini leseni ndogo ya uchimbaji ni ya mtu anayefungua shimo. Mimi wa kuokota kipande kimoja juu ya rundo nijaze fomu gani? Mbona kila ninayemuuliza anatazama dari?

Juzi nilisimama nje ya uzio. Hatua tatu mbele, jiwe jeupe lenye punje za manjano za pairaiti (inafanana na dhahabu, ila siyo), mvua imeliosha, linameta kwenye jua la saa kumi. Mlinzi akasema, "Mama, nakuonea huruma, ila ukiliokota kazi yangu imekwisha."

Wa Igunga, wa Urambo, nani amewahi kuipata hiyo karatasi ya ruhusa? Aliisaini nani?