Kompyuta ya Bab4

Kosa langu la kwanza lilikuwa mdomo. Nilimwambia babu, mbele ya watu, kwamba ile laptopu yake iliyobaki kazi ya kuzuia mlango usijifunge ningeifufua kwa dakika 40. Bado ilikuwa na kibandiko cha Windows XP, mfumo ambao Microsoft waliacha kuuhudumia Aprili 2014. Siku zake za mwisho kabla ya kustaafishwa, ukiiwasha unakwenda kuoga, unarudi, unaikuta bado inajikusanya.

"Hii inataka Linux tu," yaani mfumo wa bure wa kukaa mahali pa Windows, nikasema, kwa sauti ya daktari bingwa.

Babu alikuwa karani enzi za taipureta. Mpaka leo anaandika kwa vidole kumi, macho kwenye karatasi. Kibodi haiangalii, skrini haiangalii. Hilo likumbuke.

Flashi yangu ya kwanza ilikuwa na toleo la Linux la biti 64, la prosesa za kisasa. Laptopu ikaionja, ikaandika mstari mmoja kusema kwamba prosesa yake haiwezi mambo hayo, ikagoma. Matoleo mengi ya Linux yamekwisha kuziacha mashine za zamani za biti 32, hata lile liitwalo Lubuntu, iliyokuwa kimbilio la wazee wa namna hii. Nikafikiria Puppy, Linux ndogo ambayo hujipakia yote kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine, lakini babu alitaka mfumo wenye makazi ya kudumu kwenye diski, siyo wa kuja na kuondoka na flashi kama mgeni. Mwishowe nikapata toleo jepesi la biti 32 lililojengwa juu ya Debian, Linux nyingine ya siku nyingi. RAM ilikuwa gigabaiti 1. Inatosha, ukiwa na adabu.

Faili zikinakiliwa, nikamsimulia habari za Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki aliyeanza kuandika Linux mwaka 1991, na dunia nzima ikaja kumsaidia bure. Babu akasikiliza mpaka mwisho.

"Yeye alimaliza kwa dakika ngapi?"

Tulikuwa dakika ya 55.

Tukafika pa kuandika jina. Akaandika babu. Pa nenosiri nikamshauri aweke neno ambalo hawezi kulisahau. Akanitazama kidogo, akaandika mjukuu. Mara mbili, tatatata, bila kuangalia popote. Sitaficha, nilijisikia mtu.

Mashine ikajiwasha upya. Ukurasa wa kuingilia ukatokea, safi, jina la babu limekwisha kujiandika, kimebaki kisanduku cha nenosiri. Babu akaandika. Vidoti sita. Enter.

Nenosiri si sahihi.

"Taratibu, babu." Akaandika taratibu. Si sahihi. Nikamwomba nafasi nikaandika mwenyewe kwa kidole kimoja, herufi moja moja, nikiitamka kila moja kama mwalimu wa darasa la kwanza. Si sahihi. Nikakagua kitufe cha herufi kubwa, kimezimwa. Babu akauliza kama kuna uwezekano mashine imenisikia nikisema dakika 40 ikakosa imani na sisi.

Nikaona ni usakinishaji umeharibika. Nikasakinisha upya. Jina babu, nenosiri mjukuu, nimeandika mimi kwa mkono wangu. Kuwasha upya. Vidoti sita. Si sahihi.

Hapo nikavua shati la fundi nikavaa la mganga. Nikawasha mashine kwa njia ya uokoaji, ile inayokupa skrini nyeusi na mamlaka yote, nikaandika passwd babu, amri ya kubadilisha nenosiri lake. Ikaniomba nenosiri jipya. Sasa skrini ile ukiandika nenosiri haionyeshi kitu, hata kidoti.

"Huandiki," babu akasema.

"Naandika. Inaficha kwa ajili ya usalama."

"Usalama wa nani? Tuko wawili."

Ikakubali. Ikasema kabisa kwamba nenosiri limebadilishwa. Nikawasha upya kwa mbwembwe, nikamsogezea babu kiti. Tatatata. Si sahihi.

Usiku ule nilifanya mambo ambayo fundi mwenye akili timamu hayafanyi. Niliamua kwamba RAM ni mbovu na ndiyo inayolimeza nenosiri, nikawasha Memtest86+ nikaiacha ikimbie mpaka asubuhi. Asubuhi: hakuna kosa hata moja. Basi itakuwa kibodi. Nikaifungua, nikapuliza, likatoka vumbi la miaka mingi na skrubu moja ambayo siyo ya kibodi na mpaka leo sijui ni ya wapi. Nikafunga, nikasakinisha mara ya tatu. Babu alikuwa ameketi pembeni na gazeti, ameacha kuuliza maswali, jambo ambalo ni baya kuliko maswali.

Si sahihi.

Kwa kukata tamaa nikachagua ile sehemu ya kuingia kama mtumiaji mwingine, ambayo inakutaka uandike jina pia. Nikamwachia babu, nikaenda kunawa uso. Nikasikia tata, tata, kisha kimya, kisha: "Na hii nne ya nini?"

Nikarudi mbio. Kwenye kisanduku cha jina, ambacho hakifichi kitu, palikuwa pameandikwa: bab4.

Nikabonyeza u tena. 4. Nikabonyeza m. Sifuri. Miguu ikaniisha nguvu.

Babu akainama, kwa mara ya kwanza maishani mwake akaangalia kibodi. "Hivi vinamba vidogo vya bluu pembeni mwa herufi ni vya nini? Na hiki kitaa chenye kufuli?"

Kitaa chenye kufuli, wapendwa, ni NumLock. Laptopu za zamani zisizo na safu ya namba upande wa kulia huzificha namba hizo ndani ya herufi: j, k, l ni 1, 2, 3, u, i, o ni 4, 5, 6, m ni 0. Wakati wa kusakinisha NumLock ilikuwa imezimwa, na kwenye skrini nyeusi pia. Ila ukurasa wa kuingilia, kwa ukarimu wake, ulikuwa unaiwasha, kuwarahisishia wenye kibodi kubwa. Kwa hiyo kwa siku mbili sisi tulikuwa tunaandika mjukuu, mashine inasoma 014244, na vidoti ni sita vilevile.

Na ona uchoyo wa bahati: katika neno mjukuu hakuna herufi hata moja iliyosalimika. Kiswahili chenyewe kimejaa i, o na u, utatoka wapi? Angeandika bahasha tungelala saa 3.

Fundi wa kweli angehariri faili moja la mipangilio, kitaa kisiwake tena. Mimi nilikuwa nimechoka na nilitaka kuonekana mjanja. Nikabadilisha nenosiri kuwa 014244. "Wewe andika mjukuu kama kawaida," nikamwambia, "mashine yenyewe itageuza. Ukishaingia, bonyeza Fn na kile kitufe cha NumLk, kitaa kizimike." Akaandika tatatata, akaingia. Eneokazi likafunguka kabla hajapumua. Akacheka mpaka miwani ikamtoka. Nikamwekea Claws Mail, programu nyepesi ya barua pepe, maana kivinjari kingeimaliza ile RAM chenyewe, nikamtumia barua pepe ya majaribio, nikaondoka kifua mbele.

Jibu likaja jioni yake. Alikuwa amebonyeza kitufe cha kujibu, kisha akaandika kama anavyoandika siku zote, macho pengine kabisa:

014244 wang4, 0ash5ne 5na250b5a, n50ef4rah5. asante sana. bab4

Nikaisoma moja kwa moja, bila kutazama kibodi. Nikamjibu palepale: sh52a066 bab4.