Mwamba wa Mombasa: tatizo si mgeni, ni saa nne asubuhi

Wako wanaotaka wageni wazuiwe kabisa kwenye matumbawe, na wako wanaosema mgeni akikosekana, hakuna wa kulipia doria. Hifadhi ya bahari ya Mombasa, mbele ya fukwe za Nyali na Bamburi, iliyotangazwa mwaka 1986, inazipa nguvu hoja zote mbili. Sehemu ya ndani, kama kilomita 10 za mraba, haivuliwi. Wavuvi walionyang'anywa maeneo yao walilalamika, na walikuwa na haki. Lakini madema, yaani mitego ya samaki, yakaja kutegwa ukingoni mwa hifadhi, kwa kuwa samaki wanaonenepa ndani huvuka mpaka. Bila doria, mpaka huo ni mstari tu wa ramani.

Wanaotaka wageni wazuiwe nao wana ushahidi wao: nyayo. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au kuwa mpevu, maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, wakati uleule mgeni ametoka kunywa chai. Mwamba uko wazi, maji ya magotini, na kijana wa ufukweni yuko tayari kumtembeza. Tumbawe la matawi huvunjika kwa hatua moja. Lile la mviringo hukua sentimita moja hivi kwa mwaka, kwa hiyo kipande cha ukubwa wa kichwa ni kazi ya miaka mingi.

Kwa hiyo nenda siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ambapo saa hiyohiyo bahari imejaa, ukaelee badala ya kukanyaga. Nahodha afunge mashua kwenye boya. Kama hakuna, nanga ishuke mchangani. Vaa fulana ya mikono mirefu, losheni ya jua ipungue majini. Mkate uache mezani: samaki akizoea kulishwa huacha kula mwani, nao mwani ndio unaosonga matumbawe.

Hoteli za ufukweni zinastahili swali gumu zaidi, yaani choo kinaishia wapi. Jiwe la matumbawe lina vitundu; shimo lisilosakafiwa huvujia baharini na kurutubisha mwani huohuo.

Wanaotaka kufunga wasisahau mwaka 1998. Bahari ilipata joto, matumbawe yakapauka na mengi ya Kenya yakafa, ndani ya hifadhi na nje yake. Joto halilipi kiingilio.