Mama Aliuza Maharage Anunue Vidonge

Jumapili iliyopita nilipanda Kibosho kumwona mama, nikakuta chupa mezani pembeni ya Biblia yake. Vidonge 60, maandishi ya dhahabu, na neno moja kubwa: koenzaimu. Shilingi 150,000. Nikamuuliza hizo hela amezitoa wapi. Ameuza maharage debe mbili, trei tatu za mayai na jogoo.

Nimefundisha baiolojia hapa Moshi miaka 17. Neno hilo nimeliandika ubaoni nisijue kama siku moja litakuja kutoa maharage ya mama yangu darini.

Muuzaji aliwakuta kwenye kikao cha vikoba. Akawaambia akina mama kwamba uchovu na miguu kuwaka moto ni upungufu wa koenzaimu, kwamba mwili wa mtu mzima umeshindwa kuitengeneza na chakula chetu hakina tena. Halafu akamshauri mama, akishaanza chupa ya kwanza, apunguze vidonge vyake vya sukari taratibu. Mama aliponieleza hilo nilikaa kimya muda mrefu, maana ningefungua kinywa ningelia. Muuzaji asiyejua hata sukari ya mama ilisoma ngapi!

Basi tuseme ukweli wa hilo neno. Kazi nyingi za mwili, kuanzia kugeuza ugali kuwa nguvu hadi kuziba kidonda, hufanywa na vimeng'enya, na vimeng'enya karibu vyote ni protini. Vingi kati yake haviwezi kazi peke yake, kama jembe lisilo na mpini. Koenzaimu ndiyo mpini. Na mpini huo tunauchonga wenyewe, mara nyingi kutokana na vitamini tunazokula. Niasini, yaani vitamini B3, inakuwa koenzaimu iitwayo NAD. Vitamini B5 inakuwa koenzaimu A, ile iliyompa Fritz Lipmann Tuzo ya Nobel mwaka 1953. Thiamini ikikosekana, wanga unakwama njiani kabla haujawa nguvu, na mishipa ya fahamu na moyo ndivyo vinavyoumia kwanza.

Iliyomo kwenye chupa ya mama ni koenzaimu iitwayo Q10. Iligunduliwa mwaka 1957 kutoka kwenye moyo wa ng'ombe, na mwili wa binadamu huitengeneza wenyewe. Haya, nakubali: kiasi chake hupungua umri ukisogea, na baadhi ya dawa za kushusha kolestroli hukipunguza pia. Hayo mtu azungumze na daktari wake. Lakini kumuuzia mtu mpini kwa kumnyang'anya jembe? Maharage na mayai yale ndiyo protini ambayo vimeng'enya vinajengwa nayo, na mwili hauna ghala la kuiweka kama unavyoweka mafuta. Vimeng'enya vinachakaa na kujengwa upya kila siku, iwe umekula au hujala.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, kwa sababu hili tunajifanyia wenyewe, bila muuzaji yeyote.

Tunapeleka mahindi mashineni, tunalipa yakobolewe, tunabeba sembe nyeupe kama chokaa, na pumba tunampa ng'ombe. Kwenye pumba na kile kiini cha punje ndiko iliko thiamini nyingi, B6, chuma, zinki na magnesi. Ng'ombe wetu wa ndani, hapa mlimani, anakula vitamini za familia nzima. Sisi tunabaki na wanga, halafu tunashangaa kwa nini tumechoka. Dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa, imekuwa chakula cha shuleni na cha jela. Mgeni akija, kumpikia dona ni kumvunjia heshima. Nimeona harusi nyingi Moshi hii, sijaona dona mezani hata mara moja.

Na mahindi peke yake, hata yasipokobolewa, hayatoshi. Niasini yake nyingi imefungwa kwenye punje kiasi kwamba tumbo haliifungui. Watu wa kale wa Meksiko walichemsha mahindi kwa chokaa, na chokaa ikaifungua. Mahindi yalipovuka bahari, maarifa hayo hayakuvuka nayo. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliishi kwa mgawo ambao sehemu yake kubwa ilikuwa mahindi. Karanga, zenye niasini, zilipokatika kwenye mgawo, pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini, ikaingia: ngozi inababuka kila inapopigwa na jua, kuhara, akili kuvurugika. Waliougua mwaka huo walizidi 17,000. Karanga tu! Zile unazonunua kwenye kifungashio kidogo stendi, ukisubiri daladala ijae.

Ndiyo maana namheshimu bibi yangu, ambaye hakuwahi kusikia habari ya niasini. Makande yake yalikuwa mahindi na maharage, na kila kimoja kina asidi amino, yaani matofali ya protini, ambazo mwenzake amepungukiwa. Kiburu chake kilikuwa ndizi na maharage. Mboga ya mnafu haikukosekana, wala maziwa. Maharage na maziwa yana triptofani, mojawapo ya asidi amino hizo, ambayo mwili huigeuza kuwa niasini pale inapopungua. Kosa lake moja lilikuwa magadi mengi kwenye maharage, maana magadi huua thiamini. Kuloweka maharage usiku kucha kabla ya kuyachemsha husaidia yalainike bila magadi.

Sisemi vidonge vyote ni vibaya. Mjomba wangu alitibiwa kifua kikuu hospitali ya Kibong'oto, na pamoja na dawa zake alipewa kidonge kidogo cha B6, kwa sababu isoniazidi, mojawapo ya dawa hizo, huvuruga koenzaimu inayotokana na B6 na miguu huanza kuwaka moto. Kile kidonge kilikuwa na sababu, kipimo na mtu wa kuuliza. Wajawazito nao wanapewa vidonge vya asidi ya foliki na chuma kliniki, na wavimeze.

Miguu ya mama pia inawaka. Lakini ana sukari, na kwa miaka 9 anatumia metformini, dawa nzuri ambayo ikitumika muda mrefu inaweza kupunguza ufyonzwaji wa B12. B12 hupatikana kwenye nyama, samaki, maziwa na mayai. Mayai! Jumatatu tulikuwa kliniki yake asubuhi, amepimwa, na vidonge vya sukari anameza kama alivyoandikiwa. Majibu atayasoma daktari wake.

Kuna watakaonijibu kwamba dona haikai, na ni kweli: mafuta ya kiini huharibika haraka, kwa hiyo unasaga kidogo kidogo. Watasema pia habari ya sumukuvu, sumu inayotoka kwenye ukungu wa nafaka, na hapo sibishani. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara, na sumu hiyo hujaa zaidi kwenye ganda na kiini kuliko kwenye sembe. Mahindi yenye ukungu usiyasage dona. Usiyasage kabisa, na ng'ombe usimpe, maana sumu hiyo hutokea kwenye maziwa.

Chupa bado ipo. Nilipotaka kuiondoa mama alisema, "Mwanangu, nimeshalipa, nizitupe?" Sikuwa na jibu.

Jumamosi nimerudi Kibosho. Tulikaa barazani tukachambua mahindi kwenye ungo, punje kwa punje, mama akitupa kila iliyobadilika rangi. Debe moja lilituchukua asubuhi nzima. Nikalipeleka mashineni. Kijana wa mashine alishika mfuko mtupu akaniuliza, "Dada, pumba nikuwekee humu?"

Nikamwambia hakuna pumba. Saga yote.