Changu Huyu au Kidole?

Kazi yangu ni kupiga na kutengeneza muziki wa haus. Usiku napiga kwenye mahoteli ya ufukweni, Paje, Jambiani, Kendwa, popote penye sabufa na mtu wa kunilipa. Mchana nakaa chumbani Ng'ambo na laptopu, natengeneza ngoma zangu mwenyewe. Nyumba ni ya Bibi, na Bibi kazi hii hajapata kuielewa, si kwamba sikujaribu kumweleza. Kuna siku nilimweleza tangu shina: kwamba muziki huu umetokea Marekani, mji wa Chicago, kwamba mwaka 1977 alihamia huko kutoka New York DJ akiitwa Frankie Knuckles, akawa anapiga kwenye klabu ikiitwa Warehouse, jengo la ghala hasa, na jina la muziki likatokana na hapo.

"Ghala la karafuu?" akauliza.

"Hapana, Bibi. Ghala la watu."

Akaacha kuchagua mchele. "Watu wakae ghalani, karafuu zikae wapi?"

Nikanyamaza. Tangu siku hiyo mashoga zake wakimuuliza mjukuu wake anafanya nini, huwajibu, "Yumo kwenye mambo ya maghala," nao huitikia kwa heshima, wanadhani nimeajiriwa bandarini.

Sasa, dundo peke yake halimchezeshi mtu usiku kucha. Dundo langu ni la TR-909, mashine ya ngoma iliyotolewa na Roland wa Japani mwaka 1983. Ilipotoka haikununuliwa sana, ikaishia kuuzwa mitumba kwa bei ya kutupa, na vijana wa Chicago na Detroit waliokuwa hawana pesa ya bendi ndio walioiokota. Dundo hilo ninalo, besi ninayo, ila sauti ya mtu ndiyo sikuwa nayo. Waimbaji wa mjini wanataka malipo kabla hata ya kukohoa.

Asubuhi moja nimeweka maikrofoni dirishani, nangoja honi ya mchuuzi wa samaki, ile ya mpira inayofungwa kwenye usukani wa baiskeli. Honi yake ina mlio mzuri sana, unapanda kidogo mwishoni. Akaja, akaiminya, nikaipata. Bado sijazima, Bibi katoka barazani na kanga yake kichwani.

"Bei gani?"

"Elfu kumi, Bibi."

"Elfu kumi! Changu huyu au kidole?"

Niliposikia kwenye hedifoni nilisisimka. *Changu huyu, au kidole?* Maneno yameanguka penye biti bila ya mimi kuyasukuma. Nikakata kipande hicho hicho, honi nikaiweka nyuma yake, mengine yote waliyosemezana nikayatupa. Kisha nikampandisha Bibi sauti kwa njia ya zamani ya sampo, yaani unaiendesha rekodi kwa kasi zaidi, na sauti inapanda pamoja na mwendo. Nusu toni nne tu. Bibi yangu, mwenye vitukuu, akatoka msichana wa miaka kumi na sita mwenye kiburi. Hata mimi mwenyewe nisingemjua.

Ngoma ile ilienea kuliko kitu chochote nilichopata kutengeneza. Wazungu wasiomjua changu wala bei yake walikuwa wanainua kidole cha mwisho juu na kupiga kelele, "Kidoleee!" Bodaboda wakaipiga. Madereva wa magari ya abiria wakaipiga. Jioni moja Bibi karudi kutoka Fuoni, kakasirika, hata buibui hajavua.

"Kuna nyimbo garini leo, mtoto wa kike anajibizana na mtu mzima. Ati changu huyu au kidole! Sauti nyembamba, kinywa kirefu. Yule hana kwao?"

Nikaongeza mchuzi kwenye wali wangu.

"Nakuuliza weye, mtu wa maghala. Hana kwao?"

"Pengine amelelewa na bibi yake," nikasema.

"Basi bibi yake ndiye mbaya."

Aliyeumia zaidi ni mchuuzi. Watoto wa mtaani wakiisikia tu honi wanatoka mbio, wanamfuata nyuma ya baiskeli na kidole juu, mpaka kona ya mwisho. Mwanzo alicheka. Halafu akawa anawatupia maneno. Halafu akawa hapiti kabisa. Bibi, ambaye maisha yake yote ananunua samaki kwa mtu mmoja, barazani kwake, kwa magomvi, sasa ikambidi aende Darajani sokoni kununua kwa watu asiowajua, ambao ukiwatukana samaki wao wanachukia kweli. Akaamua pana hasidi. Mtu kamfanyia mchuuzi wake vitimbi. Na aliyetumwa kumtafuta mtu huyo ni mimi, kwa kuwa mimi ndiye ninayetembea usiku. Kila akiniuliza nilimjibu kwamba uchunguzi unaendelea, na ilikuwa kweli kwamba haujafungwa.

Basi ikaja kazi ya Nungwi, hoteli moja inataka nipige Jumamosi machweo. Na Jumamosi hiyo hiyo Bibi ana arusi ya ndugu zake huko huko. Gari nimekodi mimi kwa ajili ya vyombo, lakini Bibi alikaa mbele na mimi nikakaa nyuma, nimekumbatia sanduku la waya. Tulipofika Mahonda aligeuka akaangalia mzigo.

"Vyote hivi ni vya nini?"

"Vya kazi, Bibi."

"Na ukifika unafanyaje?"

Dereva akamjibu kabla yangu: "Anabonyeza, Bibi. Nimemwona. Anabonyeza tu."

"Kha!" akasema Bibi, akageuka mbele. Hakusema tena mpaka Kinyasini.

Mpango ulikuwa kumshusha kwenye arusi kwanza. Lakini magharibi ilikuwa karibu, akataka kusali kabla ya kwenda kwa watu, na mpishi wa hoteli kumbe ni mtoto wa shoga yake wa zamani. Akapewa maji ya udhu, akapewa mkeka, na baada ya sala akawekewa kiti kibarazani kwa jikoni na chai ya tangawizi. Nikaona ni vyema. Jikoni ni mbali na spika, atakunywa chai yake, dereva atampeleka.

Pleya zilikuwa za hoteli. Asiyejua hewa ya Nungwi nimwambie, chumvi inakula kila kitu huko, inakula bawaba, inakula baiskeli, inakula na vyombo vya muziki. Pleya ya kushoto ilikuwa na slaida ya kasi imelegea, ukiigusa inateleza. Kwa kawaida slaida naifunga kwenye asilimia sita au kumi, hata ikiteleza hakuna atakayejua. Hii mtu alikuwa ameiacha kwenye upana wote, ambapo ukiishusha hadi mwisho muziki unasimama kabisa. Na kile kitufe cha kuishika sauti isishuke pamoja na mwendo kilikuwa kimekufa, hata taa hakiwashi. Hayo nimeyajua baadaye. Wakati ule nilikuwa naangalia watu.

Tulizima kwa adhana, tukawasha tena. Nikaitia ngoma yenyewe, mapigo 124 kwa dakika. Ufukwe mzima kidole juu. *Changu huyu, au kidole? Changu huyu, au kidole?* Nikainua mikono na mimi.

Ndipo slaida ikaanza kuteremka peke yake.

Kwenye 120 msichana yule alikuwa amemaliza skuli. Nikairudisha juu, ikateremka tena. Kwenye 116 ameolewa. Naibana kwa kidole gumba, inapita chini ya kidole. Kwenye 110 ana watoto wanne na mume safarini. Kwenye 104 amemwoza binti wa kwanza. Jasho linanitoka, natafuta utepe wa kubandika, na kwenye 98 slaida ikakwama penye mchanga, ikatulia, na spika zote za Nungwi zikatoa sauti ya Bibi yangu, mwendo wake, pumzi yake, na ule mkwaruzo wake wa asubuhi kabla ya chai: "Changu huyu au kidole?"

Kikombe kilivunjika jikoni.

Alitoka taratibu, buibui limeshikwa kwa mkono mmoja lisiguse mchanga. Watu wakampisha. Na nyuma yake, wallahi, na mizani mkononi na tenga la samaki begani, akatoka mchuuzi. Kumbe yeye mwenyewe ni mtu wa Nungwi. Mtaa wetu ulipomshinda alirudi kwao, akawa anapelekea mahoteli samaki, na usiku ule alikuwa anapimiwa hesabu yake na mpishi.

Wakakutana mbele ya meza yangu.

"Shkamoo, Bibi."

"Marhaba. Umepotelea wapi weye? Nakula samaki wa watu nisiowajua." Halafu akanigeukia mimi. "Na weye. Ni miye yule?"

"Ni wewe, Bibi."

Nilishajiandaa kwa kofi. Nilishaisogeza hata miksa, lisije likaua chombo cha watu.

"Mbona umenikata?"

"Nimeku... nini, Bibi?"

"Umenikata! Miye yule changu nilimshusha mpaka elfu saba. Elfu saba! Sasa dunia nzima inanisikia nauliza tu, nauliza tu, sinunui. Watanionaje? Siti binti Saad alipandishwa meli mpaka Bombay kurikodiwa, mwaka 1928, akaimba akamaliza. Miye nimerikodiwa dirishani, na hata kumaliza sikumalizishwa!"

"Na mimi nilijibu," akasema mchuuzi.

Sote tukamtazama.

"Nilijibu siku ile. Miezi hii yote watoto wananifukuza kwa kidole, na hakuna hata mmoja aliyenisikia nilivyojibu. Bibi, nilikwambia nini?"

Bibi akafikiri. Alikuwa mkweli. "Ulinambia, kidole gani chenye macho."

Wahudumu wa hoteli wakaangua kicheko, na mmoja akaangusha trei. Wageni hawakuelewa kitu lakini walipiga makofi, na mimi biti bado inakwenda, 98, nisiyoweza kuipandisha wala kuishusha. Nikampa mchuuzi maikrofoni moja. Bibi akachukua ya pili kabla sijampa.

"Cha kusemea ndicho hichi?" Sauti ikapasua mpaka mashua zilizotia nanga. Akairidhia.

Mchuuzi akatua tenga, akatoa changu. Changu kweli safari hii, wa kutosha sinia. Bibi akanipa mimi buibui nimshikie, akamnyanyua samaki, akamtia kidole kwenye shavu akalifunua kuangalia wekundu, akambonyeza tumboni, akamtazama jicho. Muda wote huo niliondoa besi, nikaacha matoazi peke yake. Watu wakatulia.

"Bei gani?"

"Elfu ishirini na tano."

"Changu huyu au kidole?"

"Kidole gani chenye macho, Bibi?"

Hapo nikarudisha dundo lote. Sijapata kuona ufukwe umeruka vile, na nimepiga fukwe nyingi. Bibi akangojea watulie, akasema elfu kumi, nikaondoa besi. Mchuuzi akakataa, nikairudisha. Kumi na mbili, nikaondoa. Akalia watoto wake wana njaa, nikairudisha na honi juu yake. Katikati ya hapo mgeni mmoja aliyepata Kiswahili cha kununulia vinyago akanyoosha mkono: "Ishirini!"

Bibi alimtazama muda mrefu. "Nani kamwalika huyu?" akauliza kwenye maikrofoni.

Walimalizana kwa kumi na nne. Mchuuzi alishika kichwa na mikono miwili akaapa amefilisika, akamfunga samaki kwenye mfuko huku anacheka. Arusi ilikuwa inangoja, dereva anapiga honi nje. Lakini meneja akawahi. Alikuwa anataka jambo hilo hilo wiki ijayo, wote, kama lilivyo.

"Jumamosi n'na khitma," akasema Bibi. "Jumapili, baada ya magharibi. Shilingi ngapi?"

Meneja akataja. Mimi peke yangu sijawahi kutajiwa pesa ile.

"Hiyo ni ya nauli," akasema Bibi. "Ya kusema je?"

Meneja akatazama kulia, akatazama kushoto, akaongeza mara mbili. Bibi na mchuuzi wakatazamana, wakaitikia kwa kichwa.

"Na DJ?" meneja akauliza.

Bibi akachukua buibui lake mikononi mwangu, akalivaa, akalinyoosha.

"Huyu kazi yake kubonyeza," akasema. "Mpe hiyo ya nauli."