Nilisubiri maji yapwe Grenada

Kabla hamjaniuliza: ndiyo, yule kwenye video ni mimi. Swahiba wangu keshaisambaza mpaka kijijini Jambiani, Unguja, kwa mama, kaipa jina "Bwana Maji Yatakupwa". Basi nisikieni na mie.

Tulikuwa Gouyave, mji wa wavuvi magharibi ya Grenada, kisiwa cha Karibi. Tulikwenda Ijumaa makusudi, maana jioni yake mitaa inajaa majiko, samaki wanachomwa na kukaangwa mpaka usiku. Asubuhi tukaanzia ghala la kungumanga. Watu hawa hata bendera yao ina kungumanga, lakini mtoto wa Unguja nani wa kunifundisha viungo? Kila neno la mama aliyetutembeza nikalisahihisha. Akanivumilia, masikini. Akatuonyesha wanavyozitia majini: nzima huzama, mbovu huelea. (Likumbukeni hilo.)

Saa nne tupo gatini. Mie nikisema lazima mikono nayo iseme. Ufunguo wa gari ya kukodi ukanichomoka kidoleni. Ukadunda ubaoni. Ukadunda tena. Ukatua ukingoni kabisa, nusu huku nusu kule, nami nimeinua mguu niukanyage, na huo mguu wangu ndio uliousukuma. Chubwi! Maji maangavu, kina kama watu wawili, nauona umelala mchangani. Umezama, kwa hiyo ni mzima.

Kuogelea najua, kuzamia masikio hayataki. Lakini sikubabaika. Nikawatangazia wote pale, kwa sauti: tulieni, saa sita tu maji yatakupwa, nitauendea kwa miguu. Si ndivyo jamani? Kwetu siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, yanashuka hata mita 4, kina mama wanayafuata mashamba yao ya mwani kule mbali.

Nikakunja suruali. Nikaokota kipande cha mkaa, nikachora mstari kwenye nguzo, usawa wa maji. Saa tano, mstari palepale. Saa sita nikasema leo yamechelewa. Saa nane wauza samaki wanapanga majiko, mie nimechuchumaa, suruali magotini, nimeikodolea nguzo. Mzee mmoja aliyekuwa anakunja mishipi ya jodari akaniuliza nasubiri nini.

"Maji yapwe."

Akaitazama bahari. Akanitazama mimi. Akaitazama tena bahari.

"Yaende wapi?"

Hapo ndipo swahiba alipowasha kamera.

Kumbe kule maji yanapanda na kushuka kama nusu mita tu! Saa kumi yalikuwa yameshuka shibiri moja na kitu. Kitoto cha miaka kama kumi kikapiga mbizi, kikaibuka na ufunguo hata sijamaliza kukiambia kiwe na hadhari. Rimoti imekufa, fidia nimelipa, kiasi msiniulize.

Jioni, kwenye foleni ya samaki, nani yuko mbele yangu? Mama wa ghalani. Habari ilishamfika. Akaniuliza kwa upole kabisa: "Huko kwenu, kungumanga zinazoelea mnazifanyia nini?"

Nikamwambia tunazipandisha ndege.