Kijiji cha Ziwani Kinahitaji Jengo Moja la Dharura

Kagunga, kijiji kilicho mpakani na Burundi kaskazini mwa Kigoma, kwenye ramani si kisiwa, lakini yeyote anayekifahamu atakubali kwamba kimeishi kama kisiwa: mlima umekibana kwa nyuma, Ziwa Tanganyika liko mbele, na kwa miaka mingi mgonjwa wa huko alitegemea boti ili afike mjini. Mwezi Mei 2015, wakimbizi walipofurika kwenye ufukwe ule mwembamba na kipindupindu kikazuka, MV Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ndiyo iliyotumwa kuwachukua na kuwaleta Kigoma mjini.

Kwa maoni yangu, vijiji vya namna hii, pamoja na visiwa vidogo vya maziwa yetu, havihitaji kituo cha polisi mahali pake, zahanati mahali pake na zimamoto mahali pake. Vinahitaji jengo moja lililosanifiwa tangu mwanzo kwa ajili ya huduma zote tatu, na usanifu huo uanzie majini, kwa kuwa huko ndiko dharura zinakotokea na ndiko msaada unakopitia.

Usiku mmoja, yapata saa tisa, niliiona boti ikitia nanga katika mwalo wa Kibirizi, Kigoma mjini, ikiwa na mvuvi aliyechomwa kisu begani kwa ugomvi wa nyavu. Kaka yake alikuwa amelikandamiza jeraha kwa kitenge kilicholowa damu hadi rangi zake hazitambuliki, na walipofika kwenye matibabu, swali la kwanza waliloulizwa ni kama wana PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi. Kijijini kwao hapakuwa na polisi wa kuwaandikia. Ilibidi ndugu mmoja apande pikipiki kuitafuta fomu huku mwingine akibaki na majeruhi. Muuguzi na askari wakiwa chini ya paa moja, fomu hiyo hujazwa wakati jeraha likishonwa.

Hata hivyo, ukaribu huo una hatari yake, na hapa ndipo msanifu anapaswa kutulia zaidi kuliko penginepo. Katika kijiji kidogo kila mtu anamjua mwenzake, na mama aliyepigwa na mumewe, au binti aliyefanyiwa ukatili, hatapita mbele ya kaunta ya polisi ili amfikie muuguzi. Atarudi nyumbani na maumivu yake. Kwa hiyo zahanati iwe na mlango wake unaotazama kijijini, polisi wawe na wao upande mwingine, na kati yao uwepo mlango wa ndani ambao kitasa chake kiko upande wa muuguzi peke yake.

Moyo wa jengo uwe chumba cha zamu, chenye dirisha kubwa la kutazama ziwa, redio, simu, sola na betri zake. Namba 112 ya polisi, 114 ya zimamoto na 115 ya gari la wagonjwa zina mantiki mjini. Huku zote ziishie kwenye meza moja, ili askari akiwa doria na muuguzi akiwa anazalisha, bado awepo mtu wa kusikia. Gari la zimamoto halina kazi mahali penye vijia tu. Pampu ya kubebeka, inayopakiwa kwenye boti na kuvuta maji ya ziwa, itafika vijiji kadhaa vya pwani hiyo.

Mahali pa kujenga pasichaguliwe kwa sababu tu ni tambarare. Wazee wanakumbuka maji ya mwaka 1964, na sisi sote tuliona yalivyopanda mwaka 2020 na 2021, kwa hiyo banda la boti pekee ndilo likae chini, mdomo wake ukiukwepa upepo wa kusi, na mengine yote yapande juu. Tetemeko la Desemba 2005, lililoanzia chini ya ziwa hilihili, linatosha kutudai nguzo na mkanda wa zege, na paa jepesi la bati.

Wavuvi nao wapewe chumba. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018, watu wa mitumbwi walikuwa miongoni mwa waliowahi kufika, na huo ndio ukweli wa kila ajali ya ziwani. Maboya, kamba na tochi zao ziwe humo, nao wazifikie bila kusubiri ufunguo wa mtu.

Limebaki suala la mafuta. Zahanati iko chini ya halmashauri, ilhali polisi na zimamoto wako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na boti inayotumiwa na wote huishia kuwa haina mwenyewe. Makubaliano ya nani analipia lita ngapi yasainiwe kabla ya msingi kuchimbwa. Nimewahi kuiona boti ya wagonjwa imefungwa mwaloni, injini nzima, tenki tupu, na mwani umekwisha kuota kwenye kamba yake.