Asteroidi ya mawe bado inawahitaji watazamaji wa Tabora na Kigoma

Wapenzi wengi wa elimu ya anga wanaamini zama za darubini ndogo zimekwisha. Chombo cha anga cha Gaia, kilichorushwa mwaka 2013, kimepima mahali zilipo nyota kwa usahihi usiofikiwa na darubini yoyote ya shule. Basi, wanasema, fedha za darubini za shule afadhali zinunue hadubini za maabara. Hoja ya hadubini ina uzito. Ile ya Gaia imegeuzwa juu chini.

Iris, asteroidi ya mawe (gimba dogo linalozunguka Jua) iliyogunduliwa London mwaka 1847, ina upana wa kilomita 200 hivi. Ikipita mbele ya nyota, kivuli chake hukimbia juu ya ardhi, mara nyingi kwa kilomita 10 hivi kwa sekunde. Nyota inazimika, kisha inawaka tena. Kwa mwendo huo, sekunde 15 za giza ni kilomita 150 za jiwe, zimepimwa na mtu aliyekaa Tabora! Vipimo vya Gaia vinatuambia mapema kivuli kitapita wapi. Umbo lenyewe hupimwa na walio chini yake.

Kazi huharibikia kwenye saa. Anayebonyeza saa kwa kidole nyota ikizimika huchelewa kama theluthi ya sekunde, yaani kilomita 3. Kamera ya video ya picha 25 kwa sekunde, yenye muda wa GPS, hushusha kosa hadi mita 400. Anza kurekodi dakika 3 kabla, na usiguse tena darubini. Kigoma, umande hufunika kioo. Kizungushie kadibodi ndefu kwa mbele. Tabora, moshi wa mashamba yanayochomwa kiangazi huficha nyota hafifu.

Watu wasipangwe kwenye stesheni za reli ya Tabora hadi Kigoma. Kivuli mara nyingi hupita kati ya mashariki na magharibi, kama reli yenyewe, hivyo Urambo na Kaliua zingepima karibu mstari uleule wa jiwe. Nzega, Tabora na Sikonge zimepangana kaskazini kwenda kusini kwa kilomita 150 na ushei: hapo unapata mistari mitatu tofauti. Upande wa Kigoma, safu kama hiyo ni Kigoma, Kasulu na Kibondo. Ambaye nyota yake haikuzimika naye atume rekodi, maana bila yeye ukingo wa jiwe haujulikani.

Ni kweli darubini moja peke yake hutoa mstari mmoja, na huo hauchori umbo. Ndiyo maana shule tatu zenye darubini za sentimita 20 zingefaa kuliko shule moja yenye ya sentimita 40.